Fundi wa Nguzo ya Tano

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Na wewe uliyeshika kitabu huko mbali, sogea pia, kuna nafasi. Nawategea. Ninaye fundi: hali, hanywi, hasinzii, hapigi chafya, alipanda mara moja na hajashuka, na kila jua likichomoza nchi nzima inamsifu. Ni nani huyo?

Msijibu haraka. Siku nyingine mkishindwa huwa nadai mji, mnanipa, nakaa mjini kwangu nakula raha. Leo siutaki mji wenu. Jibu hili lina mwenyewe, naye alichelewa sana kulitoa. Tumsubiri.

Ilikuwako nchi. Msiniulize iko upande gani, maana kwetu somo la jiografia ndilo lililokuwa saa ya kutumwa maji. Nchi hiyo ilikuwa na wizara nyingi, lakini iliyopendwa kuliko zote ni Wizara ya Mwenendo Salama. Inasemekana zamani wafanyakazi wa nchi hiyo walikuwa wakianguka. Walianguka ovyo, bila taratibu, wengine saa za kazi kabisa. Wataalamu wakajifungia siku arobaini katika hoteli yenye zulia mpaka kwenye ngazi, wakatoka na sababu: watu huanguka kwa kuwa wana tabia ya kuanguka. Dawa yake, waangaliwe. Kila anayefanya kazi awe na wa kumwangalia, na anayemwangalia amwendee, azungumze naye kwa upole.

Ni jambo jema, nani atakataa. Mimi mwenyewe nilipokuwa nakaanga maandazi nilipenda mtu akae karibu aniambie moto umepanda.

Basi Wizara ikaanza kujijengea Mnara wa Usalama, ghorofa thelathini, ili Waziri akisimama dirishani awaone wafanyakazi wote kwa mpigo. Hapo kwenye ujenzi palikuwa na mafundi arobaini na waangalizi sitini na wawili. Mafundi walikaa juani, waangalizi walikaa kwenye viti vyenye miavuli, kwa sababu mwangalizi akipigwa na jua haoni vizuri. Getini palikuwa na ubao mkubwa mweupe ulioandikwa SIKU, halafu tarakimu, halafu BILA AJALI. Ubao huo ulikuwa na mchoraji wake, ngazi yake, na mlinzi wake.

Kila mwangalizi alikuwa na kadi. Kadi yenyewe ilikuwa na visanduku: amevaa kofia ngumu, amevaa buti, hakimbii, hapigi mluzi, ana uso wa mtu aliye salama. Ukiona, unaweka alama ya vema. Halafu unamwita fundi mzungumze. Lazima uanze kwa sifa. Jina lake huliandiki, ni marufuku, eti asije akalaumiwa. Unaandika mahali anapofanyia kazi tu. Na mwisho unamsomea swali lililopigwa chapa ya wino mwekundu: Je, ndugu mfanyakazi, kuna jambo lolote linalokuzuia kurudi nyumbani salama? Ukishamsomea unanyamaza dakika moja. Hiyo iliitwa Dakika ya Kusikiliza, na waangalizi walipewa saa za mkononi kwa ajili yake.

*

Fundi wa nguzo ya tano aliitwa Pazi, mtu wa pwani ya nchi hiyo. Mwangalizi wake alikuwa Kashindye, mtu wa bara. Mke wa Pazi, Chiku, alikuwa saidia fundi hapo hapo: yeye ndiye aliyembebea mumewe zege kwenye karai. Pazi akitaka zege hakupaza sauti. Aligonga mbao kwa mwiko mara tatu, ko, ko, ko, na Chiku alikuja. Pazi alipomaliza alilifuta karai kwa vidole viwili, likabaki safi kama sahani iliyolambwa.

Katika nchi hiyo watu wa pwani na watu wa bara ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukacheka. Lakini utani ulikuwa na kazi yake. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja msibani kudhihaki marehemu mpaka wanaolia wapate kupumua, na ndiye anayetangulia kuingia kaburini kumpokea. Maiti asiye na mtani alihesabiwa hajazikwa sawasawa.

"Mtani, shuka nikuzungumzishe," Kashindye aliita kutoka kitini.

Pazi akashuka, akajipangusa. Kashindye akaanza kwa sifa.

"Fundi, nimependa ulivyovaa kofia."

"Na mimi nimependa ulivyokaa. Tangu asubuhi hujaanguka hata mara moja. Huko kwenu bara mnafundishwa kukaa?"

"Tunafundishwa kuwavumilia watu wa pwani. Jibu swali. Kuna jambo linalokuzuia kurudi nyumbani salama?"

"Lipo. Ule ubao ninaousimamia juu ya nguzo umeoza. Nikiukanyaga unalia."

Kashindye akaitazama kadi. Akaigeuza, akatazama na nyuma. "Ubao hapa haupo."

"Upo pale juu."

"Kwenye kadi haupo, mtani. Kadi ni ya mwenendo. Ubao hauna mwenendo, wewe ndiye unao. Hebu niambie, wewe ungefanya nini tofauti?"

"Nisingepanda."

"Hicho ni kisanduku cha uvivu."

"Basi andika kwamba nitapanda kwa adabu."

Kashindye akaandika. Chiku aliyekuwa amesimama na karai kichwani akacheka mpaka zege likamdondokea begani.

"Mtani, usicheke," Pazi akamwambia Kashindye, ingawa aliyecheka ni mkewe. "Siku nikifa ni wewe utakayeingia kaburini kunipokea. Na unidhihaki vizuri, usiniletee utani uliopoa."

"Tangulia tu. Nitakusema mpaka mjane acheke."

Mazungumzo hayo yalirudiwa wiki tatu, ubao ule ule, kadi ile ile. Na kila jioni Kashindye alijaza kwamba fundi wa nguzo ya tano ni mchangamfu katika mazungumzo. Ilikuwa kweli.

*

Siku ya mia nane na sabini bila ajali, nguzo ya tano ilikuwa ikimwagiwa zege. Nguzo hiyo ilikuwa nene, watu kumi wakishikana mikono hawaizunguki. Walikuwa wameizungushia mbao kama pipa refu, na mashine ilikuwa ikimimina zege kwa juu. Amri ilikuwa kwamba mashine isizimwe hata kidogo mpaka ijae, maana Waziri alishatangaza redioni kuwa imejaa.

Saa saba mchana mafundi wakaenda kula. Pazi akabaki juu kulishindilia zege kwa mti mrefu. Chiku akatumwa maji kwenye tangi la nyuma. Kashindye akabaki kitini, kwa sababu saa ya chakula nayo ilikuwa na kadi yake.

Chiku aliporudi na ndoo, ubao haukuwepo juu ya nguzo. Pazi hakuwepo. Mashine ilikuwa ikinguruma vilevile. Juu kabisa, kwenye nondo ya chuma iliyochomoza, ilikuwako kofia ngumu ya njano, imekaa wima, imetulia. Kashindye alikuwa amesimama na kadi mkononi, midomo imekuwa ya kijivu. Pembeni yake alisimama Mkuu wa Ujenzi, Bwana Tindwa, amemshika bega kama baba anavyomshika mtoto kwenye picha ya familia.

"Mtani," Chiku akasema, "mume wangu yuko wapi?"

Kashindye akafungua kinywa. Aliyejibu ni Bwana Tindwa.

"Mama, mwangalizi haruhusiwi kutaja mtu. Kadi haina jina. Tumefanya hivyo kumlinda mfanyakazi mwenyewe, asije akalaumiwa."

"Simlaumu. Namuuliza aliko."

"Ndiyo hapo sasa. Ukianza na aliko, utafika kwa nini yuko huko, na huko kuna lawama."

Jioni mchoraji akapanda ngazi yake pale getini, akaifuta sifuri ya mwisho taratibu kwa kitambaa, akachora moja. Siku mia nane na sabini na moja bila ajali. Mlinzi akapiga saluti.

*

Chiku hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa kufuata mambo kwa mpangilio. Kesho yake alijifunga kanga nyeusi, akaenda kwa shehe wa mtaa, akamwambia anataka kukaa eda.

"Nani kafa?" shehe akauliza.

"Mume wangu."

"Nani kamwona?"

Chiku akageuka kutazama mlangoni.

"Mwanangu, mimi siwezi kukuweka ndani miezi minne na siku kumi kwa mtu ambaye labda yuko kazini. Kifo kinataka shahidi. Niletee aliyeona."

Akaenda ofisi ya Wizara. Pale palikuwa na karani mwenye sauti nzuri, aliyemkaribisha, akampa kiti, akaanza kwa sifa.

"Mama, nimependa ulivyoshika mkoba. Fundi wa nguzo ya tano, eh? Ngoja." Akafunua kadi za siku hiyo. "Yupo. Leo asubuhi ameangaliwa mara tisa, na mara zote tisa amevaa kofia."

"Hiyo ni kofia tu."

"Ndiyo, ameivaa."

"Imevaliwa na nondo."

"Mama, sisi hatuchunguzi nani kavaa. Tunaangalia kama imevaliwa." Karani akapiga muhuri. "Ungekuwa unajua wake wenzio wanavyohangaika na waume wasiovaa kofia, ungeshukuru."

Basi Chiku hakuwa mke wala mjane. Nyumbani hakuweza kutandika jamvi la msiba. Majirani hawakujua waje na pole au waje kuazima ungo kama kawaida. Hitima haikusomwa. Akavua kanga nyeusi, akarudi kubeba zege, maana hakuwa na mahali pengine pa kuwa karibu na mumewe. Na kila asubuhi, kabla hajajitwika karai, alipita penye kiti cha Kashindye.

"Mtani, mume wangu yuko wapi?"

Kashindye aliitazama saa yake ya mkononi. Dakika moja ikapita. Chiku akaenda zake.

*

Sasa sikilizeni jinsi nchi ile ilivyompenda fundi huyo. Mwisho wa mwezi Wizara ilijumlisha kadi, ikakuta ghorofa zote, nguzo zote, hakuna aliyepata mia kwa mia ila fundi wa nguzo ya tano. Hakimbii. Hapigi mluzi. Havuti sigara. Kofia haivui hata akila, na wala hali. Bwana Tindwa akawakusanya mafundi chini ya nguzo, akapanda juu ya tofali.

"Mtazameni mwenzenu," akasema. "Mmewahi kumwona akiruka ngazi? Mmewahi kumsikia akilalamikia ubao? Mvua ikinyesha, yupo. Jua likiwaka, yupo. Huyu ameelewa. Nataka wote mfanane naye kabla ya mwezi ujao."

Mafundi wakatazamana. Walijua. Kila mmoja alijua kiasi chake, lakini hakuna aliyekuwa ameona, na pale kusema bila kuona kulikuwa na kisanduku chake. Wakaanza kufanana naye. Walipanda, wakasimama, wakatulia. Wiki ile halikuongezeka hata tofali moja, na Wizara ikatangaza kuwa ndiyo wiki salama kuliko zote tangu nchi ipate uhuru.

Kitu kimoja tu kiliwasumbua. Kila siku saa saba mchana, jua likiwa kichwani na watu wameshika matonge, nguzo ya tano iligonga.

Ko, ko, ko.

Mara ya kwanza matonge yalibaki hewani. Chiku akainuka. Mikono yake ndiyo iliyokumbuka. Akajaza karai, akalibeba, akaliweka chini ya nguzo, akarudi kukaa. Jioni karai likakutwa tupu, limefutwa kwa vidole viwili. Kesho yake vilevile. Wizara ikaleta kamati ya watu kumi na mmoja. Wakaweka masikio kwenye zege, wakasikiliza, wakaandika ripoti kwamba mlio huo ni ushahidi wa mawasiliano mazuri kazini, na kwamba fundi hapotezi vifaa.

Kashindye naye alikuwa amekwisha. Utani ulimtoka. Wenzake wa bara walimchokoza, akawatazama kama mtu anayeambiwa maneno ya redio ya mbali. Akiwa nyumbani mkewe alipogonga mwiko wa ugali kwenye sufuria, yeye alisimama wima. Na kila asubuhi alipoichukua kadi mpya, safi, kutoka kwenye bunda lililofungwa kwa kamba, alikuta tayari kuna kitu kwenye kile kisanduku cha mwisho, cha swali la wino mwekundu: alama ya dole gumba ya zege bichi, ya kijivu, bado ina unyevu. Aliwapelekea ofisini ili waone. Wakafurahi. Wakasema huyu ndiye fundi pekee anayetia sahihi.

"Bwana Tindwa," akasema siku moja, "mimi ni mtani wake."

"Najua. Ndiyo maana nimekuacha umwangalie wewe."

"Mtani ana kazi yake."

"Kazi yako imo kwenye kadi." Bwana Tindwa akamnyooshea kola. "Zimebaki siku tisa tufike elfu. Ukifungua mdomo ubao wa getini unarudi sifuri, na wewe utahamishiwa Chumba cha Kuangaliwa. Unakijua. Waangalizi saba, mtu mmoja, na hakuna mlango wa kutokea. Nimependa sana ulivyonyamaza mpaka sasa. Endelea hivyo."

*

Siku ya elfu moja ikafika. Kama eda ya Chiku ingeanza siku ile ya zege, ingekuwa imekwisha juzi. Yeye mwenyewe alihesabu.

Mheshimiwa Waziri wa Mwenendo Salama alifika saa sita na nusu, amevaa kofia ngumu tatu, moja juu ya nyingine, kwa kuwa cheo chake kilikuwa mara tatu. Aliposhuka garini watu wanne walimwangalia asijikwae, na wanne wengine wakawaangalia hao. Bendi ikapiga. Mchoraji akachora elfu.

"Ndugu wananchi," Waziri akasema, "wako wanaosema usalama ni mbao nzuri, ngazi nzuri, kamba nzuri. Nchi maskini za mawazo hununua kamba. Sisi tumeamua kumjenga mtu. Na leo nimekuja kumvisha nishani mtu mmoja aliyejengwa akajengeka. Fundi wa nguzo ya tano, shuka uje."

Watu wote wakatazama juu. Kofia ya njano ilikuwa imetulia, vumbi limeilalia.

"Shuka, kijana wangu."

Upepo ukapita. Kofia ikageuka kidogo, ikaacha.

Waziri akatabasamu. "Mnaona? Hata mimi nimemwita na hakushuka. Ngazi imelowa, ameona hatari. Nani kati yenu angekuwa na ujasiri wa kumkatalia Waziri kwa ajili ya usalama?" Wakapiga makofi. "Basi nitamwendea mimi. Nipeni kadi. Leo mimi ndiye mwangalizi."

Wakampa kadi ya Kashindye. Akaenda mpaka chini ya nguzo, akaweka alama zake za vema moja baada ya nyingine, akainua uso.

"Ndugu mfanyakazi," akasoma kwa sauti ya mkutano, "kuna jambo lolote linalokuzuia kurudi nyumbani salama?"

Ikaanza Dakika ya Kusikiliza. Watu elfu mbili wakanyamaza, bendi ikanyamaza, hata watoto waliobebwa mgongoni. Saa ya getini ikagonga saa saba.

Ko, ko, ko.

Mlio haukuwa tena kama siku nyingine. Safari hii waliokuwa wamesimama karibu waliusikia nyayoni. Kofia za Waziri zikagongana. Akaitazama kadi, akakuta dole gumba la kijivu linajitokeza polepole kwenye karatasi, na ubichi wake ukamshika kwenye kidole chake mwenyewe. Akalipangusa kwenye suti. Halikutoka.

"Hii maana yake nini?" akamuuliza Bwana Tindwa kwa sauti ya chini.

"Maana yake hakuna tatizo, Mheshimiwa."

Hapo Chiku akainuka. Akajaza karai, akajitwika, akapita katikati ya wakubwa, nao wakampisha kwa sababu zege linachafua. Akaliweka chini ya nguzo. Halafu hakurudi mahali pake kama siku zote. Akageuka, akamtazama Kashindye aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono mitupu, kadi imechukuliwa, hana hata kalamu ya kushika.

Alimuuliza kwa sauti ile ile ya kila asubuhi, ya mtu anayeuliza kama maji yamechemka.

"Mtani, mume wangu yuko wapi?"

Bwana Tindwa akasogea kumshika Kashindye bega. Kashindye akaitazama saa yake ya mkononi. Akaifungua, akaiweka juu ya kiti. Akavua kofia ngumu, akavua na buti, akaziweka sawasawa chini ya mwavuli, akabaki miguu mitupu kama anavyobaki mtani anapotaka kuingia kaburini kupokea maiti. Akatembea mpaka kwenye nguzo, akaegemeza kiganja.

"We mpwani," akaiambia nguzo, "mvivu wewe, umepata mahali pa kulala umesimama, na umewafanya wakubwa wakupigie makofi kwa kutofanya kazi."

Chiku, machozi yakimtiririka, akacheka. Kicheko kidogo, cha kwanza tangu zege lile limdondokee begani. Kule ndani ya nguzo kukawa kimya kabisa, kimya cha mtu aliyeacha kugonga kwa sababu mlango umefunguliwa.

Na getini mchoraji alikuwa ameshaanza kupanda ngazi na kitambaa chake mkononi, hajui afute nini.

Kashindye akamgeukia mjane.

"Yumo humu, shemeji," akasema. "Ubao ulikatika nikiwa natazama. Aligonga mara tatu, nikasikia, nikaweka vema."